Usimnunulie Mtoto Roboti Inayoomba Ruhusa

Nilikuwa nimezama kwenye kazi ya mteja mmoja ambayo sitaieleza hapa maana bado naiota usiku. Leo sina budi kuandika kwa sababu shule zimefunga na simu yangu imeanza tena. Kila likizo ni yale yale. Jirani, binamu, rafiki wa dada yangu, mtu niliyesoma naye na ambaye hatujaonana miaka kumi: "Kaka, wewe si ni mtu wa tarakilishi? Nimeona roboti ya watoto, ya kuwafundisha kuandika programu. Ninunue hii ama hii?" Halafu picha ya boksi inafuata. Kwenye boksi kuna mtoto anayecheka, roboti yenye macho ya buluu, na ahadi kwamba mtoto wako atakuwa mvumbuzi kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto.

Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaka. Kwa hiyo naliandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwanza jambo dogo la lugha. Nitaandika "seti". Nimeshaona tangazo limeandikwa "kiti cha roboti" nikacheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaniangalia. Roboti haikai.

Sasa kisa chenyewe. Desemba 2022 dada yangu, anayeishi Nakuru, alimnunulia binti yake roboti ya shilingi 28,000. Alijinyima hiyo pesa, tuelewane, hakuiokota. Msichana alikuwa ametimiza miaka tisa, na alikuwa ameniona nikifungua tarakilishi mara nyingi kiasi kwamba alitaka kujua kilichomo ndani ya kila kitu. Roboti ikafika, nyeupe, inang'aa, ina magurudumu mawili na kichwa kinachozunguka. Kuiwasha, ikataka programu kwenye simu. Programu ya simu ikataka akaunti. Akaunti ikataka barua pepe ya mzazi, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na ruhusa ya kujua simu iko wapi. (Kwa nini? Roboti iko mezani!) Ikamaliza hapo ikataka kupakua sasisho, na bando la dada likakatika katikati. Siku ya tatu ndipo ilipotembea. Ikacheza dansi. Ikasema maneno mawili ya Kiingereza. Familia nzima ikapiga picha.

Miezi kama minane baadaye dada akabadilisha simu, na kwenye simu mpya ile programu ikakataa kumwingiza. Waliouza wakasema waulizwe waliotengeneza. Waliotengeneza hawakujibu barua pepe. Mimi mwenyewe, ninayelipwa mshahara kwa kazi hii, nilikaa nayo wikendi mbili nikashindwa. Na roboti ilikuwa nzima! Mota nzima, betri nzima, macho yanawaka buluu. Ilikuwa inasubiri tu seva fulani ya mbali iiambie kwamba imeruhusiwa kusogea.

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, "kwani hii inalala mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata akaifungua kwa kisu cha jikoni na akagombezwa vibaya. Nikajaribu kumtetea, ugomvi ukahamia kwangu. Lakini nasema hadi leo, kisu kile kilikuwa somo la kwanza la uhandisi alilolipata kutoka kwa kitu cha shilingi 28,000. Na ndani alikuta nini? Mota mbili ndogo, betri, spika, na kibao chembamba chenye tone jeusi la gundi ngumu pale ambapo chipu ilipaswa kuonekana. Chipu hubandikwa moja kwa moja kwenye kibao na kufunikwa na tone lile. Hakuna jina, hakuna namba, hakuna pa kuanzia. Mpelekee fundi yeyote wa redio, atatikisa kichwa na kukurudishia.

Basi nasema wazi, na wenye maduka mniwie radhi. Seti ambayo mtoto hawezi kuitumia mpaka kampuni iliyoiuza impe ruhusa si chombo cha kujifunzia. Ni runinga yenye magurudumu. Hata kama kwenye simu kuna vitalu vya rangi vya kupanga, hata kama imeandikwa "kuandika programu" kwa herufi kubwa za dhahabu. Mtoto anajifunza jambo moja tu humo: kwamba mashine ni za watu wengine, na sisi kazi yetu ni kubonyeza na kungoja.

Utasema ni bahati mbaya ya dada yangu, alinunua kitu cha ovyo. Haya, tuwaangalie wakubwa, wenye pesa na majina.

Kulikuwa na kampuni ya San Francisco ikiitwa Anki. Mwaka 2016 ilitoa roboti ndogo ya kupendeza iitwayo Cozmo, na mwaka 2018 ikatoa Vector. Nilizipenda, sifichi. Zilitengenezwa kwa ustadi kweli. Mwaka 2019 Anki ikafunga milango. Vector ilitegemea seva za kampuni ili kuelewa anachoambiwa, kwa hiyo wenye roboti wakabaki wanasubiri kujua nani atalipia seva hizo. Mali ya Anki ilinunuliwa na kampuni nyingine, lakini wewe uliyenunua roboti hukuulizwa lolote.

Kisha kuna Moxie, roboti ya Marekani iliyotengenezwa mahsusi kwa watoto, rafiki wa kuzungumza nao na kuwasaidia kueleza hisia zao. Iliuzwa dola 799. Desemba 2024 kampuni yake, Embodied, ikatangaza kwamba pesa zimekwisha, na kwamba bila seva roboti haitaweza kufanya kazi yake. Wazazi wakalazimika kuwaeleza watoto kwamba rafiki yao atanyamaza. Hebu fikiria kumweleza mtoto wa miaka sita habari za wawekezaji! Baadaye ilitolewa programu ya kumwezesha mtu kuendesha seva yake mwenyewe nyumbani, na waliofanya hivyo nawavulia kofia. Lakini ni mzazi gani wa kawaida atakayeweka seva sebuleni?

Na Lego Mindstorms? Hii inaniuma zaidi, kwa sababu ndiyo iliyoanzisha mambo yote haya madukani. Ilitoka 1998. Ikaja NXT mwaka 2006, EV3 mwaka 2013, na mwisho Robot Inventor mwaka 2020. Mwisho wa 2022 Lego wakaizima, wakaahidi kutunza programu zake za simu hadi mwisho wa 2024. Hiyo tarehe imeshapita.

Ngoja, sijamaliza na Mindstorms, maana hapo kuna upande wa pili ninaotaka muuone. Ilipotoka ile ya kwanza, mwanafunzi mmoja wa Stanford, Kekoa Proudfoot, aliichambua akachapisha jinsi ilivyofanya kazi ndani. Kampuni nyingi zingemtumia mawakili. Lego walifikiri, wakaamua kuwaacha watu waifungue na kuichezea watakavyo. Ilipokuja NXT, programu yake ya ndani wakaitoa kama programu huria. Matunda yake? EV3 ya mwaka 2013 bado ina uhai, kwa sababu ina tundu la kadi ya microSD na watu wamechonga mfumo wa Linux uitwao ev3dev unaowaka kutoka kwenye kadi hiyo bila kugusa chochote cha mwenye kampuni. Hizo za karibuni zina Pybricks, ambayo pia ni huria. Kwa hiyo mtu akikuletea EV3 ya mitumba yenye mota zake na vihisi vyake kwa bei nzuri, nunua. Kampuni imeondoka, lakini iliacha mlango wazi.

Hicho ndicho kipimo changu, na hakihusiani na bei. Kampuni zote zitaondoka siku moja. Swali ni wataacha mlango wazi au wataondoka na ufunguo.

Na sisi huku swali hili linatuuma kuliko wanavyoumia wa Marekani. Yule wa California roboti ikimfia anaandika barua ya hasira na pengine anarudishiwa pesa. Wewe wa Nakuru, Kitale au Voi umenunua kwa mtu aliyeagiza kwa mtu, dhamana iko nchi nyingine, na bidhaa yenyewe mara nyingi inatufikia ikiwa imeshazeeka kwao. Tunanunua kitu kikiwa na miaka michache tu ya uhai iliyobaki, nasi tunalipa bei ya kitu kipya pamoja na usafiri na ushuru. Ongeza bando. Roboti inayopakua sasisho la megabaiti mia kadhaa kabla ya kusogea inakula unga wa nyumba.

Kinachonishangaza ni kwamba wazo la asili lilikuwa kinyume kabisa cha haya. Mnajua Mindstorms ilipata wapi jina? Kwenye kitabu cha Seymour Papert cha mwaka 1980. Papert alikuwa Mwafrika Kusini, alizaliwa Pretoria 1928, akaishia MIT kule Marekani. Mwaka 1967 yeye na wenzake, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitengeneza Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto. Kulikuwa na kobe, kwanza roboti ya sakafuni na baadaye alama kwenye skrini. Unamwambia aende mbele hatua mia, ageuke digrii tisini, aende tena, na nyuma yake anaacha mstari. Mtoto anayetaka kuchora duara inabidi ainuke atembee mwenyewe duara ndipo aelewe kobe anahitaji kuambiwa nini. Mtoto ndiye mwalimu, mashine ndiyo mwanafunzi. Sasa linganisha na roboti inayomwambia mtoto "hongera, umefungua hatua ya nne!" Nani anamfundisha nani hapo?

Tena wazo hili kwetu halikuhitaji kuletwa na meli. Ninyi mliokulia mashambani, au hata mitaani Nairobi, mnakumbuka gari la waya. Waya wa ua uliotolewa kwa siri, usukani mrefu unaofika kifuani, magurudumu ya ndara zilizochakaa au vifuniko vya chupa. Mwenye gari alijua kila kona yake kwa sababu aliikunja mwenyewe. Gurudumu likikatika, unatafuta ndara nyingine (mara nyingine ndara ambayo bado ilikuwa na mwenyewe, nami nilichapwa kwa hilo). Rafiki akibuni namna ya kufanya magurudumu ya mbele yageuke, kesho yake mtaa mzima una magari yanayogeuka. Hakuna aliyeomba ruhusa. Nikiangalia seti ya mtoto, najiuliza kama inafikia kiwango cha gari la waya. Nyingi hazifiki.

Basi ninunue nini, mtaniuliza. Haya.

Kama mtoto hajafika miaka minane, usinunue kitu. Najua hilo halipendezi. Tangu Aprili 2022, KICD ilipoidhinisha mtaala wa Kodris Africa wa kuandika programu shuleni, wazazi ninaowajua wameshikwa na hofu kwamba watoto wao wamechelewa, na kuna watu wanaoila hofu hiyo kwa kijiko. Mtoto wa miaka mitano hajachelewa chochote. Mwambie akuelekeze kupika chai, nawe ufanye neno kwa neno anavyosema. Akisema "weka majani", weka pakiti nzima mezani. Akisema "weka ndani", uliza ndani ya nini. Mtacheka, na atakuwa amejifunza kwamba mashine hufanya ulichosema, wala si ulichokusudia. Mimi nililijifunza hilo chuoni kwa karo. Na kama nyumbani kuna tarakilishi hata ya mitumba, weka Scratch. Ilitoka MIT mwaka 2007, ni ya bure, ina toleo la kupakua mara moja na kulitumia bila intaneti, na unaweza kubadilisha lugha ikawa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili! Vitalu vyenyewe vimeandikwa kwa lugha yetu. Usiponiamini fungua ujionee.

Kuanzia miaka minane tisa hivi, nunua micro:bit. Ni kibao kidogo kinachotosha kiganjani, kilichoanzishwa na BBC. Mwaka 2016 walikigawa bure kwa watoto wa darasa moja Uingereza nzima, kama milioni moja. Kina taa ndogo 25, vitufe viwili, kihisi cha mwendo na cha joto, na toleo la pili la mwaka 2020 likaongezewa spika na kipaza sauti. Kinatumia betri mbili za AAA. Ninachokipendea zaidi ni hiki: ukikichomeka kwenye tarakilishi kinaonekana kama flashi. Unaandika programu, unaburuta faili, unaiweka humo, imekwisha. Hakuna akaunti. Hakuna tarehe ya kuzaliwa. Kampuni zote zikifilisika usiku wa leo, kesho asubuhi kitaendelea kufanya kazi.

Kuanzia miaka kumi na moja au kumi na mbili, na kwa mtoto mwenye subira, Arduino. Hii ilianzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Bodi ya Uno ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu. Picha moja unayotumiwa kwenye kundi la harusi ni kubwa kuliko hiyo! Lakini inatosha kuendesha gari dogo, taa za barabarani za mfano, kengele ya mlango, mashine ya kumwagilia sukumawiki. Michoro ya bodi iko wazi kwa umma, ndiyo maana kuna bodi za kunakili ambazo ni halali kabisa ilimradi zisijiite jina la wenyewe. Moja niliipata mjini chini ya shilingi 2,000. Oktoba 2025 Qualcomm ya Marekani ilitangaza kwamba inainunua Arduino, na watu wengi wakaniuliza kama sasa mambo yameharibika. Huenda yakaharibika kwao huko. Bodi iliyoko mezani kwako haina habari. Michoro imeshatoka, programu huria imeshatoka, na kilichotoka hakirudi.

Usinunue boksi kubwa lenye vitu hamsini vyenye rangi. Nenda Luthuli Avenue au mitaa ya karibu yake ununue vichache: bodi, ule ubao mweupe wa matundu usiohitaji solda, nyaya, taa za LED na rizista zake, mota mbili za manjano zenye giaboksi, bodi ya kuendeshea mota ya L298N, na kihisi cha umbali cha HC-SR04, kile chenye macho mawili kama ya bundi. Hicho kihisi peke yake kina thamani ya muhula mzima. Kinapiga mlio wa kilohetsi 40, ambao sikio la mtu halifiki, kinasubiri mwangwi, na bodi inapima muda. Sauti hukimbia mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio umbali wa mita moja unajibu baada ya karibu milisekunde 6. Mpwa wangu aliandika hesabu hiyo mwenyewe, ikatoa mita mbili. Akakasirika, akasema kihisi ni kibovu. Sikumwambia kitu. Tukatoka nje tukaenda kupiga makofi mbele ya ukuta mrefu wa ghala, na tulipokuwa tunarudi akasimama ghafla: "Inaenda na inarudi! Lazima nigawanye kwa mbili!" Nionyesheni roboti yenye macho ya buluu iliyowahi kufanya hivyo.

Maboksi hayatakwambia haya, kwa hiyo niseme mimi. Kebo za USB nyingi zinazouzwa barabarani huchaji tu, hazipitishi data; bodi itawaka na tarakilishi haitaiona, nanyi mtadhani imeungua. Jaribu kebo nyingine kwanza. Bodi za kunakili hutumia chipu ya CH340, na tarakilishi ya Windows ya zamani itataka programu yake ndogo ya kuitambua. Linux huwa inaijua tayari. Na ile betri ya mraba ya volti 9 inayouzwa pamoja na seti nyingi haiwezi kuendesha mota. Ina volti lakini haina nguvu ya kusukuma. Gari litatetemeka kidogo na kufa. Tumia betri nne hadi sita za AA. Nimeona watoto wawili wakiacha kabisa habari za roboti kwa sababu ya betri hiyo moja. Walidhani wamekosea programu, kumbe aliyepakia boksi ndiye aliyekosea.

Najua pingamizi zenu, maana nimeshazisikia zote mezani.

"Arduino ni ngumu, mtoto atakata tamaa." Ni kweli, wengine watakata tamaa. Sitadanganya. Waya ukilegea hakuna sauti tamu ya kumwambia jaribu tena. Mtu mzima lazima akae naye, angalau Jumamosi mbili tatu za kwanza, na akubali kutojua. Hapa ndipo ninapogombana na wazazi wenzangu. Wengi tunataka seti itakayomnyamazisha mtoto wakati sisi tuko kwenye simu. Hilo ni hitaji halali, sote tunachoka, lakini basi tununue mpira, tusijidanganye kwamba tumenunua elimu. Na waandishi wa programu wenzangu, msicheke: sisi ndio tunaomnunulia mtoto wa miaka sita bodi yenye pini arobaini kisha tunaichezea wenyewe mpaka saa saba usiku.

"Nimemlipia kambi ya likizo ya roboti, inatosha." Alirudi na nini? Kama alirudi na cheti na picha huku roboti ikabaki kwenye kabati la wenye kambi, basi alikodishiwa wiki moja. Waulize kabla ya kulipa: mtoto atabeba kitu gani nyumbani?

"Siku hizi akili mnemba inaandika programu yenyewe, ya nini kujisumbua?" Mimi huitumia kila siku kazini. Itakuandikia programu ya HC-SR04 kwa sekunde kumi, na itakuwa sawa. Haitajua kwamba umechomeka waya wa ardhi kwenye tundu la jirani.

Na lile swali linalonipendeza kuliko yote: "Nitajuaje nikiwa dukani?" Mwambie muuzaji aiwashe huku simu yako imezimwa data. Kisha muulize, mota moja ikiungua nitapata wapi nyingine kama hiyo? Akikuonyesha kidole ng'ambo ya barabara, toa pesa. Akikwambia "hii haiharibiki", rudi nyumbani.

Mpwa wangu sasa ni mkubwa. Ile roboti nyeupe tulitoa mota zake mbili na spika, maganda tukatupa. Kule kwao maji ya kaunti huja usiku, hayana saa, na dada alikuwa akiamka mara tatu kuangalia tangi lisije likafurika. Msichana akachukua micro:bit, nyaya mbili ndefu na misumari miwili, akaining'iniza misumari karibu na mdomo wa tangi. Maji yakiifikia misumari, yanaunganisha njia ya umeme kati ya pini na ardhi, na micro:bit inalia. Usiku wa kwanza ililia saa tisa, ploti nzima ikaamka, na yeye alikuwa hajaandika namna ya kuizima. Asubuhi akaandika: kitufe A kinanyamazisha. Wapangaji wawili wameomba awatengenezee zao, naye amewatajia bei ambayo mimi naiona ni kubwa lakini sijasema kitu. Misumari imeanza kuota kutu. Jumamosi tunaibadilisha.